Dawa moja, punje tofauti: hewa ukaa inavyounda fuwele za tiba

Hotuba hii niliitoa Arua mbele ya wanafunzi wa famasia na uuguzi, walimu wao, na wazazi waliokuja kuwasindikiza. Nimeiandika karibu kama ilivyotoka kinywani.

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, wazee wetu, mama zetu mliotoka Koboko na Nebbi tangu alfajiri, na nyinyi wanafunzi ambao ndio hasa niliowajia: habari za mchana. Joto limeshapanda, na leo joto hilo lina kazi, tutalirudia. Kabla ya yote naomba macho yenu yaje hapa mezani.

Hili ni bonge la chumvi ya Katwe. Nililinunua mwenyewe kando ya ziwa, kule Kasese, kwa mwanamume aliyekuwa ametoka majini muda ule ule, chumvi imemkaukia mikononi kama chokaa. Glasi hii ina maji niliyoyakoleza chumvi ya dukani mpaka yakakataa kuyeyusha zaidi, kisha nikayachuja. Nimetumia ya dukani kwa sababu ile ya Katwe imechanganyika na magadi na mengineyo, nami nataka kitu kimoja tu kionekane. Na chupa hii ni spiriti ya maabara, ya asilimia 95. Msiende kujaribu na waragi. Ina maji mengi, haitafanya kitu.

Namimina, taratibu. Tazameni pale spiriti inapokutana na maji. Yale maji yaliyokuwa angavu yamekuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele. Sikutia kitu cheupe. Weupe huo ni chumvi ile ile iliyokuwa imejificha majini, sasa imefukuzwa. Tuiache glasi itulie, tutairudia mwishoni.

Kwa wasiofika Katwe: ni ziwa lililomo ndani ya shimo la volkano, na hakuna mto unaotoka humo. Maji huingia, jua huyachukua, chumvi hubaki. Watu huchimba mabonge ziwani, na kando kando hutengeneza vidimbwi ambamo jua hukausha maji siku baada ya siku. Humo fuwele hukua bila haraka. Chembe moja huja ikakaa mahali pake, nyingine hufuata, mpaka unaweza kuhesabu pembe za punje kwa macho. Katika glasi hii mambo yamekwenda kinyume. Spiriti imeyanyang'anya maji nguvu ya kushika chumvi, kwa ghafla, kila pembe kwa wakati mmoja. Zimezaliwa punje maelfu kwa maelfu, na hakuna hata moja iliyopata nafasi ya kukua.

Chumvi ni ile ile. Lakini punje si zile zile. Ukubwa wa punje, umbo lake, hata namna chembe zilivyopangana ndani yake, vyote huamuliwa na namna ilivyozaliwa. Na katika dawa, anayeamua punje izaliweje ndiye anayeamua dawa hiyo itamfaa mgonjwa kwa kiasi gani. Hilo ndilo lililonileta kutoka Kampala mpaka hapa.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, mama mmoja alinirudia na mtoto niliyempa dawa ya malaria siku tatu kabla, ile ya mchanganyiko wa artemeta na lumefantrini. Dozi zote sita zilikuwa zimetolewa kwa saa zake. Pakiti tupu alikuja nayo mkononi, ameikunja ndani ya leso, ili nisimtilie shaka. Mtoto bado alikuwa anachemka. Nilimuuliza alikuwa akimnywesha na nini. Akasema, "Na maji, mwanangu. Chakula hakikutaka kushuka." Tulimpeleka hospitali na akapona, wala siwezi kuapa kwamba tatizo lilikuwa lile. Lakini sikumwambia siku ya kwanza kwamba dawa ile inataka mafuta: maziwa, karanga, chochote chenye mafuta hata kidogo. Maelezo ya dawa yenyewe yanasema kwamba mlo wenye mafuta mengi huongeza lumefantrini inayoingia mwilini mara 16 kwa watu wazima wenye afya. Mara 16! Kidonge ni kile kile, kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti ni kile kile.

Kwa nini? Kwa sababu lumefantrini haiyeyuki katika maji, na tumbo la mwanadamu ni maji. Dawa isiyoyeyuka hupita tumboni kama mgeni asiyekaribishwa kuketi. Na haiko peke yake. Dawa nyingi za siku hizi, za ukimwi, za saratani, za kuvu, zina shida hiyo hiyo. Mkemia huunda molekuli inayomuua mdudu vizuri kabisa, halafu molekuli hiyo haitaki kuachana na mwenzake ndani ya fuwele.

Mwaka 1897, Arthur Noyes na Willis Whitney kule Boston waliandika kanuni ya kuyeyuka ambayo wanafunzi wa mwaka wa pili hapa wanaijua. Kama inavyofundishwa leo, inasema kasi ya kuyeyuka hufuata eneo la uso wa kitu kinachoguswa na maji. Bibi zetu waliijua bila kuiandika. Tia bonge la sukari guru kwenye chai, utakaa unakoroga mpaka chai ipoe. Livunje kwanza, na chai iko tayari. Hesabu yake ni rahisi. Chukua punje ya umbo la mchemraba yenye upande wa maikromita 100, karibu na unene wa unywele. Ikate iwe vipande vya maikromita moja kila upande. Umepata vipande milioni moja, na jumla ya nyuso zao ni mara 100 ya ile ya mwanzo, bila kuongeza hata chembe ya dawa.

Basi mtu atasema: si tusage? Ndivyo inavyofanyika viwandani kwa sehemu kubwa. Kuna vinu ambamo hewa yenye nguvu huzirusha punje zigongane zenyewe kwa zenyewe mpaka zipasuke. Vinu hivyo vinafanya kazi, sitavidharau. Ila kusaga ni kupiga. Fuwele iliyopigwa hupata joto, na baadhi ya dawa haziwezi joto. Nyuso zake huvurugika, sehemu fulani zikapoteza mpangilio, na baada ya miezi kwenye stoo yenye unyevu zikajipanga upya vingine. Unga uliosagwa hupata umeme tuli, ukang'ang'ania kuta za mashine na kujishika wenyewe kama mavumbi ya chini ya kitanda. Kwa mgonjwa wa pumu hilo ni jambo kubwa. Punje ya kuvutwa kwa inhela inatakiwa iwe kati ya maikromita moja na tano hivi: ikizidi hapo huishia kooni, ikiwa ndogo mno hutoka tena na pumzi. Unga unaojishikanisha hufika kooni ukiwa mabonge.

Na kuna jambo linalonitisha kuliko ukubwa. Fuwele za dawa moja zinaweza kupangana kwa namna zaidi ya moja. Matofali ni yale yale, ukuta ni mwingine. Wataalamu huziita polimofu. Hapa nataka niwasimulie ritonaviri, kwa sababu ni dawa ya ukimwi ambayo wagonjwa wetu Uganda wanaimeza kila siku pamoja na lopinaviri au atazanaviri, na wengi wanaoigawa hawaijui habari yake.

Ritonaviri iliingia sokoni Marekani mwaka 1996, katika kapsuli. Watengenezaji walijua aina moja tu ya fuwele yake. Katikati ya mwaka 1998, kapsuli mpya zikaanza kushindwa kipimo cha kuyeyuka. Walipotazama kwa darubini, ndani yake mlikuwa na vijisindano ambavyo havikuwahi kuonekana. Ilikuwa polimofu ya pili: imara zaidi kuliko ya kwanza, na kwa hiyo ngumu zaidi kuyeyuka. Kilichowavunja moyo ni kwamba ilipokwisha kuonekana mahali, kuitengeneza ile ya kwanza mahali hapo kukawa kugumu sana. Chembe kidogo ya ile mpya hutosha kuwa mbegu, na kila kinachoigusa huiga mpangilio wake. Kapsuli ziliondolewa sokoni. Watu waliokuwa wakiishi kwa dawa ile wakahamishiwa dawa ya maji yenye ladha mbaya sana, kisha kapsuli laini iliyotaka kukaa kwenye friji. Kidonge kinachostahimili joto kilikuja mwaka 2010. Fikirieni wakati huo wote, zahanati ya kijijini isiyo na umeme ingeiweka wapi dawa inayotaka friji! Molekuli haikubadilika hata atomu moja. Ni ukuta tu uliojengwa vingine.

Kwa hiyo swali ni hili: je, tunaweza kuzizalisha punje za dawa zikiwa ndogo tangu kuzaliwa, bila kuzipiga, bila kuzipika, na tukachagua ukuta tunaoutaka? Sasa ndipo lile joto la mchana linapoingia.

Mwaka 1822 Mfaransa Charles Cagniard de la Tour alitia kimiminika ndani ya mtutu wa bunduki pamoja na kijiwe cha mviringo, akauziba na kuupasha moto. Akawa anautikisa akisikiliza. Kijiwe kinapotembea ndani ya kimiminika kina mlio wake, na kikivuka kwenda upande wa mvuke mlio hubadilika. Joto lilipofika kiwango fulani, tofauti ile ikatoweka. Hapakuwa tena na kimiminika hapa na mvuke pale. Mwaka 1869 Thomas Andrews, kule Belfast, akalipima jambo hilo kwa makini akitumia kaboni dayoksaidi, yaani hewa ukaa, akakuta mpaka wake ni nyuzi 31 hivi za Selsiasi. Nyuzi 31! Ukitoka nje ya ukumbi huu sasa hivi umeshazifikia.

Joto peke yake halitoshi, linataka na shinikizo: baa 73.8, yaani takriban mara 73 ya mzigo wa hewa tunayoivuta. Ziwa Victoria kina chake kirefu kabisa ni kama mita 80. Ungehitaji ziwa lenye kina cha mara tisa ya hilo ili maji ya chini yabebe uzito wa namna hiyo. Ni mzigo mkubwa, lakini chuma kizuri kinauweza bila taabu.

Nimeliona hilo kwa macho yangu, na naomba mniruhusu nikae hapo kidogo. Nilipokuwa nasoma ng'ambo tulikuwa na chombo cha chuma chenye dirisha la jiwe la yakuti, dogo kama sarafu. Ndani mlikuwa na hewa ukaa iliyobanwa ikawa kimiminika, nusu chombo, na juu yake mvuke, na kati yao mstari mwembamba kama ule wa juu ya chai kwenye glasi. Tukaongeza joto kidogo kidogo. Nyuzi 29, 30. Mstari ukaanza kulegea. Karibu na 31 ndani mkajaa ukungu wa rangi ya kahawia, kama moshi wa jioni kijijini. Kisha ukungu ukafunguka, na mstari haukuwapo. Haukupanda wala kushuka. Umetoweka, na kilichojaa chomboni hakikuwa kimiminika wala gesi. Niliomba turudie mara tatu, mwalimu wangu akacheka na akakubali.

Hali hiyo wataalamu huiita supakritiko. Kitu kilicho katika hali hiyo kimerithi pande zote mbili: ni kizito karibu kama kimiminika, kwa hiyo kinaweza kuyeyusha vitu, lakini kinateleza na kupenya karibu kama gesi. Na uzito wake uko mikononi mwako. Kwa nyuzi 40, hewa ukaa kwenye baa 80 ina kilo kama 280 kwa mita moja ya ujazo. Ifikishe baa 200, joto lile lile, inakuwa kilo 840 hivi. Maana yake ni kwamba kwa kufungua na kufunga vali unaweza kukiamuru kiyeyushi kishike kitu au kikiachie. Maji hayana utiifu huo.

Na jambo hili si geni kwetu kama linavyosikika, kwa sababu ya kahawa. Mjerumani Kurt Zosel, akifanya kazi Mülheim katika miaka ya 1960, aligundua kwamba hewa ukaa ya supakritiko hupenya kwenye buni mbichi yenye unyevu na kuchukua kafeini, ikaacha vile vinavyoipa kahawa ladha yake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 viwanda vya Ujerumani vilikuwa vinafanya hivyo kwa tani nyingi. Robusta yetu, ambayo misitu ya Uganda ndiyo mojawapo ya nyumba zake za asili, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Kuna wakulima humu ambao huenda buni yao imewahi kuogeshwa katika gesi hiyo bila wao kupata habari.

Sasa tuingie kwenye dawa. Nani amewahi kufungua mtungi wa kuzimia moto, ule mweusi au mwekundu wenye pembe pana mdomoni? Ukiufungua, kinachotoka ni mvumo mkubwa na theluji nyeupe. Theluji hiyo ni hewa ukaa yenyewe, imeganda kwa sababu imetanuka ghafla. Mwaka 1879 James Hannay na James Hogarth, kule Scotland, waliyeyusha chumvi za aina fulani ndani ya pombe ya supakritiko, kisha wakapunguza shinikizo, wakaona yabisi ikishuka kama theluji ndani ya gesi. Ilipita karibu karne moja kabla ya watu kuuliza: je, theluji hiyo ikiwa dawa?

Njia ya kwanza ni hiyo. Unayeyusha dawa ndani ya hewa ukaa iliyobanwa, kisha unaipitisha kwenye nozeli. Mafundi wa dizeli mnaijua nozeli. Hii tundu lake lina upana wa maikromita 25 mpaka 100 hivi. Upande wa pili wa tundu shinikizo ni dogo tu. Gesi hutanuka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho mara maelfu, ikapoteza nguvu ya kushika dawa, na dawa ikaanguka ikiwa punje ndogo mno, kavu, zisizo na harufu ya kiyeyushi chochote. Gesi imekwenda zake. Hakuna cha kukausha.

Ingekuwa hivyo kwa dawa zote ningemaliza hapa. Lakini hewa ukaa ni mbaguzi. Hupenda vitu vya jamii ya mafuta na molekuli ndogo. Ibuprofeni huipokea vizuri kiasi, ila dawa nyingi huzikataa au huchukua kidogo sana, mpaka ukahitaji gesi mapipa kwa mapipa kwa unga wa kujaza kijiko. Na nozeli huziba. Ule ubaridi wa kutanuka hugandisha dawa na gesi pale pale mdomoni, ukabaki unaitazama saa ya presha ikipanda.

Ndipo watu wakageuza ubaguzi ule ukawa faida. Kama hewa ukaa haiipendi dawa, basi itumike kama nilivyoitumia spiriti katika glasi hii. Unayeyusha dawa kwa asetoni, au kiyeyushi kingine kinachoipenda, kisha unaipulizia ndani ya chombo kilichojaa hewa ukaa ya supakritiko. Gesi na asetoni ni marafiki, hukumbatiana mara moja. Dawa hubaki bila mwenyeji na kuanguka. Hewa ukaa hupenya kwenye kila tone upesi kuliko kimiminika chochote kingeweza, ndiyo maana punje huzaliwa ndogo na zinazofanana. Baadaye unaendelea kupitisha gesi safi mpaka asetoni yote iondoke.

Huo mwisho, wa kupitisha gesi safi, msiuruke. Niliuruka mimi. Ilikuwa parasetamo, kazi ya siku nzima, na nilikuwa na basi la kuwahi. Kupitia dirishani niliona unga mweupe umetanda vizuri, nikadhani nimemaliza, nikafungua vali kuachia presha. Gesi ilitoka. Lakini ile asetoni iliyokuwa imebebwa na gesi haikuwa na pa kwenda tena, ikarudi kuwa kimiminika na kuunyeshea unga wangu. Nilipofungua kifuniko nilikuta ukoko, ukoko kabisa kama wa chini ya sufuria ya wali, nikaubandua kwa kijiko. Basi nililikosa na siku niliipoteza. Tangu hapo kila ninayemfundisha namwambia aoshe kwa gesi mara mbili ya muda anaodhani unatosha.

Ipo na njia ya tatu, ambayo nitaipitia haraka: unaisukuma hewa ukaa iingie ndani ya dawa au mafuta yaliyoyeyuka kwa joto, nayo huyafanya yayeyuke kwa joto dogo kuliko kawaida, kisha unayapuliza nje. Gesi inayohitajika ni kidogo zaidi. Inafaa sana kwa vitu vya mafuta.

Lakini kazi ninayoiheshimu kuliko zote ilifanyika Bradford, Uingereza, katika miaka ya 1990, na Peter York na mwenzake Mazen Hanna. Wao walitumia nozeli yenye njia mbili, moja ndani ya nyingine, kiyeyusho cha dawa na hewa ukaa vikatoka pamoja na kupigana hapo hapo mdomoni. Waliijaribu kwa salmeteroli, dawa ya pumu. Salmeteroli ina polimofu mbili. Kwa kubadilisha joto na shinikizo tu waliweza kupata unga wa aina ya kwanza peke yake, au wa aina ya pili peke yake. Ulitoka ukiwa umefikia ukubwa wa kuvutwa mapafuni, hauna haja ya kusagwa. Kumbukeni vile vijisindano vya ritonaviri vilivyojitokeza bila kuitwa, halafu muwatazame hawa wanaochagua fuwele kama mwashi anavyochagua aweke tofali kwa ubavu au kwa kichwa.

Mtaniuliza: kama ni nzuri hivyo, mbona dawa za dukani zilizotengenezwa kwa njia hii ni chache? Ni kweli, ni chache. Vyombo vya shinikizo ni ghali, na kila kimoja kinataka ukaguzi. Kinachofanya kazi kwenye chombo cha ukubwa wa chupa ya soda hakikubali kirahisi kwenye chombo cha ukubwa wa pipa, kwa sababu namna tone linavyochanganyika na gesi hubadilika. Na mwenye kinu kinachosaga vizuri hana sababu ya kukitupa. Mimi siamini kwamba njia hii itachukua nafasi ya vinu. Naamini ina mahali pake: dawa za mapafu, dawa zisizovumilia joto, dawa zinazokataa maji, na pale ambapo polimofu isiyotakiwa ni hatari.

Na sisi? Tuna kiwanda Luzira kinachotengeneza dawa za malaria na za ukimwi humu humu Uganda, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini kwa sehemu kubwa, dawa ghafi inayoingia katika vidonge vya Afrika Mashariki hutoka nje, hasa India na China, ikiwa tayari unga. Sisi tunachanganya, tunashindilia, tunafungasha. Punje imeshaamuliwa na mtu mwingine. Ikija kubwa kuliko ilivyoandikwa, ikija na polimofu nyingine, tutaitambuaje? Ndiyo maana siwaombi wakuu wa chuo wanunue chombo cha supakritiko kesho. Naomba kwanza darubini nzuri, kipimo cha ukubwa wa punje, na mashine ya eksirei ya kusoma mpangilio wa fuwele. Mfamasia akizoea kuutazama unga kabla ya kuushindilia, chombo kitafuata, nacho kitakuta mtu anayejua anatafuta nini.

Gesi yenyewe haitatushinda. Popote sukari inapochachushwa kuwa pombe, hewa ukaa hutoka karibu safi kabisa. Viwanda vya bia wanaijua, na Kakira wanatengeneza ethanoli kutokana na molasi. Sehemu ya gesi hiyo tunaiachia tu ipae.

Ila nawaonya nyinyi mtakaoigusa. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, haina rangi, na hujikusanya chini kama maji shimoni. Ndugu zetu wa upande wa Goma wana neno lake, mazuku: yale mabonde madogo ambamo gesi ya volkano hulala, na mbuzi akishuka kula majani haamki. Ziwa Nyos kule Kameruni lilitoa wingu la gesi hii usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, na watu takriban 1,700 wakafa wengi wao wakiwa usingizini. Chumba cha mitungi kiwe na madirisha yanayofika chini, na kipima hewa kiwekwe karibu na sakafu, si darini.

Na tusisahau Katwe. Walioenda kule wameyaona magofu ya kiwanda kilichojengwa miaka ya 1970 ili kusafisha chumvi kwa mitambo ya kisasa. Maji ya lile ziwa yalikula mabomba. Mitambo ikafa, na wale watu wenye vidimbwi wakaendelea, mpaka leo wanaendelea. Mitambo ilinunuliwa kabla maji hayajasomwa vya kutosha. Tukileta chombo cha shinikizo la baa 200 hapa kwetu, kije na mtu wa kukitengeneza, spea zake, na umeme usiokatika katikati ya kazi, vinginevyo tutajenga gofu jingine.

Nimezungumza Kiswahili muda wote huu, na najua baadhi ya walimu walishangaa niliposema hotuba haitakuwa kwa Kiingereza. Yule mama wa leso alinieleza tatizo la dawa yake kwa Kiswahili, na nilipaswa kumjibu kwa Kiswahili. Leo tumetumia fuwele, punje, shinikizo, kiyeyushi, nozeli, na sikuona mtu aliyepotea njia.

Sasa, glasi yetu. Chumvi imeshatua chini, imekaa kama unga wa muhogo ndani ya maji. Mwalimu wa maabara amechukua tone moja akalipaka kwenye kioo, na kwenye kioo cha pili ameweka kipande nilichokivunja kutoka kwenye bonge la Katwe. Darubini iko pale dirishani. Mstari uanzie kwa akina mama, kisha wanafunzi. Kila mmoja atazame kioo cha kwanza, halafu cha pili, na asiondoke kabla hajachora alichokiona. Karatasi na penseli ziko mezani.